Ini la Vainqueur

Fabiola alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, na blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Léoncie, afisa wa upelelezi aliyekabidhiwa kesi yake, aliliona hilo kabla hata hajavuta kiti. Akauliza mtoto yuko wapi. Askari wa zamu akamjibu kwamba wifi wa Fabiola alimchukua siku ileile ya msiba akampeleka Buterere kwa bibi yake, na tangu hapo mama anakamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga.

Kituo kile kidogo cha polisi cha Bwiza kilikuwa na chumba kimoja tu cha mahabusu, ambacho mtaa mzima unakiita kasho. Fabiola hakuwekwa humo kwa sababu alikutwa na hatia. Aliwekwa kwa sababu vijana wa mtaa walikuwa wameshavunja meza na masufuria ya mgahawa wake wa maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sasa walikuwa wakimtafuta mwenyewe. Mumewe Vainqueur, mbeba magunia kwenye ghala moja la Quartier Industriel, eneo la viwanda, alikuwa amekufa akitapika damu, macho ya njano, tumbo limevimba huku mikono imebaki mifupa. Esperance, dada wa marehemu, alisema mbele ya waombolezaji kwamba kaka yake amelishwa sumu na mwanamke huyu wa Bwiza. Na chini ya kitanda chao ilipatikana chupa ya plastiki yenye maji meusi.

Léoncie alimuuliza tena habari za ile chupa. Fabiola alirudia aliyoyasema tangu mwanzo: ilikuwa dawa ya mumewe, alikuwa akinywa kidogo asubuhi na jioni, mpaka alipoanza kushindwa hata kumeza maji. Alipoulizwa nani aliileta, alinyamaza.

"Fabiola, hiyo chupa ndiyo inayokufunga. Niambie tu jina la aliyeileta."

"Apana, Afande."

"Unamuogopa?"

Fabiola alifuta shingo kwa ncha ya kitenge. "Si kumuogopa. Namuonea huruma."

Jibu hilo Léoncie aliondoka nalo. Alikuwa amewahoji watu wengi katika kazi yake, na wenye hatia aliowajua walikuwa wepesi wa kumsukumia mwingine mzigo. Huyu alikuwa na mtu wa kumsukumia, na mlango ungeweza kufunguka siku hiyohiyo, lakini alikuwa amechagua kubaki sakafuni na blauzi iliyolowa.

Mkuu wa kituo, Gaël, alikuwa akimngoja kwenye ukumbi. Alikuwa mtu mpole asiyependa fujo, na siku hizo usingizi ulikuwa umempaa. Alimweleza kwamba ofisi ya mashtaka inataka mwanamke ahamishiwe gereza kuu. Léoncie akasema ushahidi hautoshi. Gaël akakubali kwamba hautoshi, lakini akamuuliza afanye nini: akimfungulia mlango kabla ukoo wa mume haujaridhika, hatafika hata kwenye kona. Ukoo ndio unaoweza kuwatuliza wale vijana, wala si karatasi ya polisi. Léoncie akamwomba asimhamishe mpaka jioni.

Kabla hajatoka aliifungua droo akaitoa chupa. Maabara ilikuwa imesema ndani yake mna majani machungu yaliyochemshwa, hakuna sumu. Esperance na nduguze walijibu kwamba maabara haizijui sumu za kienyeji, na maneno yakaishia hapo. Kwa hiyo Léoncie hakuyaangalia tena yale maji. Aliangalia mdomo wa chupa. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, na mahali pake palikuwa pamezibwa kwa majani makavu yaliyosokotwa vizuri, kwa mkono uliozoea. Alichomoa jani moja, akalinyoosha juu ya meza, akalinusa. Lilikuwa jani la mpunga. Bwiza kuna maduka, baa na mafundi cherehani, lakini hakuna anayevuna mpunga.

Akaliweka jani mfukoni, akaanzia ghalani, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na sumu ya kweli.

Ghala lilikuwa la mahindi na maharage, na msimamizi wake alikuwa Fortunat, Mkongomani wa Uvira kama marehemu. Alimpeleka Léoncie kwenye kijumba cha nyuma kinachowekwa dawa za kuulia panya na wadudu wa nafaka. Kufuli lilikuwa zima. Makopo yalikuwa na vumbi lililolala sawasawa, hakuna alama ya vidole, hakuna mviringo msafi wa kopo lililoondolewa. Léoncie alipita kopo kwa kopo, mihuri yote ilikuwepo. Akauliza kama kuna mbebaji mwingine aliyeugua. Hakuna. Akauliza kama Vainqueur alikuwa na ugomvi na mtu. Fortunat akasema Vainqueur hakuwa na ugomvi hata na gunia.

Walikuwa wanarudi nje, kwenye mwanga, mbebaji mmoja akawapita na gunia begani. Fortunat akasimama akimtazama.

"Vainqueur alikuwa anabeba na bega ya kushoto," alisema. "Na mutu wa mukono ya kuume."

Léoncie alimwomba aeleze. Fortunat akasema zamani alikuwa anabebea bega la kulia kama wote, halafu siku moja akahamisha. Alisema gunia likimgusa ubavu wa kulia linamuuma. Wakati wa kupumzika alikuwa akikaa amejiminya hapa, na Fortunat akaweka mkono chini ya mbavu zake mwenyewe, upande wa kulia.

"Hiyo ilianza lini?"

"Zamani, Afande. Alikuwa bado hajaoa. Siku ya ndoa tulimuchekesha, tulisema bwana arusi anakamata tumbo kama mama mujamuzito."

Alicheka kidogo kwa kukumbuka, kisha kicheko kikamkauka. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba miezi ya mwisho Fabiola alikuwa akifunga mgahawa saa za wateja, anakuja na uji, anakaa na mumewe chini ya kivuli cha lori mpaka amalize. Uji ukirudi, alikuwa akimfuta mdomo na kuanza upya. Fortunat alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake, na hakwenda kuyasema msibani kwa sababu hapana aliyemuuliza. Sasa alikuwa anajuta.

Daktari Herménégilde, aliyemfanyia marehemu uchunguzi, alimpokea Léoncie kwenye chumba kidogo chenye harufu ya sabuni ya hospitali. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kuhusu ini la Vainqueur alizungumza polepole na kwa kirefu, kama mtu anayemsimulia jirani mambo ya jirani. Ini lisilo na ugonjwa ni laini, alisema, lina uso mtelezi. Lile lilikuwa gumu, limejaa makovu na vinundu kama mfuko wa karanga, na katikati ya vinundu kulikuwa na uvimbe mkubwa. Kansa. Damu ilishindwa kupita kwenye ini, ikajaa kwenye mishipa ya koo, mishipa ikapasuka. Ndiyo maana alitapika damu.

Léoncie akauliza kama sumu inaweza kufanya hivyo.

"Sumu ina haraka," daktari alisema. "Hii kazi imefanywa na kitu kisichokuwa na haraka hata kidogo."

Ndani ya damu ya marehemu walikuwa wamekuta kirusi cha homa ya ini, kile cha aina ya B. Herménégilde akamweleza kwamba watu wamezoea kuogopa vidudu vinavyoleta homa leo na kumaliza kazi wiki ijayo, lakini viko vingine vinavyoingia kimya, vinakaa miaka, na mwisho vinaacha kansa. Kimoja hukaa tumboni mwa watu, kinaanza na vidonda. Kingine huwakuta wanawake kwenye shingo ya kizazi. Hiki kinapenda ini. Mwenye nacho anaweza kukua, kucheza mpira, kubeba magunia, kuoa, bila kujua kwamba ana mpangaji.

Léoncie aliyapanga mambo yake mezani moja moja, kama kawaida yake. Maumivu ya ubavu yalianza kabla ya ndoa. Makovu ya ini ni ya miaka mingi kuliko ndoa. Basi hata kama mke angetaka kumuua, alifika akakuta kazi imeshaanza. Lakini akataka kuziba na tundu la mwisho, akauliza kama si mke aliyempa hicho kirusi. Daktari akatikisa kichwa. Damu ya Fabiola waliipima kwa ombi la Léoncie mwenyewe: mwili wake ulikuwa umekutana na kirusi, bila shaka kwa mumewe, ukakishinda. Hana kitu. Na mtoto alikuwa ameshapata chanjo zake kliniki kama watoto wengine.

"Basi Vainqueur alikitoa wapi?"

"Kikimwingia mtu mzima, mara nyingi mwili unakifukuza. Kikimwingia mtoto mchanga, siku ya kuzaliwa, kinabaki." Daktari alivua miwani. "Mama yake yuko hai?"

Léoncie akasema yuko hai, huko Buterere kunakolimwa mpunga. Jani la mpunga lilikuwa mfukoni mwake, na sasa njia zote mbili, ya chupa na ya ugonjwa, zilikuwa zinaelekea mlango mmoja.

Herménégilde alimsindikiza mpaka nje. Alimwomba asimwambie yule mama kwamba ana ugonjwa, kwa kuwa hapana aliyempima. Amwambie tu aje, na binti yake aje. Léoncie akamwambia binti huyo, Esperance, ana mimba kubwa. Daktari akasema hapo ndipo penye haraka. Kama anacho, zipo dawa za mama, na mtoto akichanjwa mara tu anapozaliwa, mlango unafungwa kabla mgeni hajaingia.

Buterere mvua ilikuwa imepita. Maji yalikuwa yameacha mstari wa tope kwenye kuta za nyumba, na zaidi ya nyumba mashamba ya mpunga yalikuwa yakimeta mpaka mbali. Léoncie alivua viatu akatembea navyo mkononi. Nyumba ya Mama Pascaline aliijua kwa kilio cha mtoto kabla hajaelekezwa.

Nella, mtoto wa Fabiola, alikuwa mikononi mwa shangazi yake. Esperance alikuwa akijaribu kumlisha uji mwepesi kwa kijiko juu ya tumbo lake kubwa la mimba, na mtoto alikuwa akigeuza uso. Esperance alipomtambua mgeni, alisema kwa baridi kwamba kama polisi wamekuja kumchukua mtoto kumpeleka kwa muuaji, watachukua na maiti yake yeye. Léoncie akamsalimu vizuri, akampa pole ya msiba, akaomba kumwona mama.

Mama Pascaline alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani. Dirishani juu yake zilikuwa zimepangwa chupa: ya mafuta ya mawese, ya mafuta ya taa, ya asali. Zote zilikuwa zimezibwa kwa majani ya mpunga yaliyosokotwa vizuri, kwa mkono uliozoea.

Léoncie hakuzitolea neno. Alikaa chini kwenye jamvi, akamwomba mama amhadithie watoto wake. Mama akahadithia. Alizaa watatu. Vainqueur alikuwa wa mwisho, Esperance wa katikati. Wa kwanza alikuwa Birindwa, aliyekufa Uvira.

"Alikufa na nini, Mama?"

Birindwa naye alilishwa, mama alisema, na wafanyabiashara wenzake, walimwonea wivu. Tumbo lilijaa, macho yakawa njano, akatapika damu. Wakati anasimulia, Esperance alikuwa ametokea na mtoto begani, akasimama kwenye kona ya nyumba.

"Wakati ule Fabiola alikuwa ameshaolewa na Vainqueur?"

Mama alimtazama binti yake. Esperance akamhamishia mtoto bega la pili. Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Fabiola tulikuwa hatujamujua bado."

Léoncie akatoa jani mfukoni, akaliweka juu ya jamvi, kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha.

"Mama, ile chupa ya chini ya kitanda ilizibwa na hii."

Pascaline aliliokota jani, akaligeuza.

"Ni yangu," alisema. "Mi ndiye nilipeleka. Kuko mzee mumoja huku anapikaka dawa ya kutoa sumu. Nilimunywesha mutoto yangu kwa mukono yangu mwenyewe, halafu akakufa. Tangu siku ile nakaa hapa, nangojea gari ya polisi. Nilijua Fabiola atanitaja."

"Hakukutaja."

"Hakunitaja?"

"Nimemuuliza mara nyingi. Leo asubuhi pia. Alisema anakuonea huruma."

Mama Pascaline alifunika mdomo kwa kiganja. Hakulia kwa sauti. Mabega ndiyo yaliyotikisika. Esperance aliegemea ukuta, akateleza polepole mpaka akawa amekaa kwenye tope na nguo zake za msiba, amemkumbatia mtoto.

Léoncie akawangoja. Kisha akawaeleza yale aliyoelezwa na daktari, kwa maneno mepesi, bila kuruka kitu: kwamba dawa ile haikumuua Vainqueur, kwamba hakuna mtu aliyempa sumu yeye wala Birindwa, kwamba kuna kirusi kinachokaa kwenye ini miaka na miaka na mwisho kinaleta kansa. Akasema kwamba mara nyingi mtoto hukipata siku anapozaliwa, kwa mama asiyejua kama anacho. Sentensi hiyo aliifanyia mazoezi njia nzima.

Mama aliisikia mpaka mwisho. "Basi ni mi niliwaua watoto yangu."

"Mama, mama yako wewe alikufa na nini?"

Pascaline alishangazwa na swali. Alitafuta mbali kumbukumbu. "Na tumbo. Ilijaa maji. Mi nilikuwa nikingali mudogo, walisema ni uchawi ya mukemwenzake."

"Basi huenda na wewe ulipewa, Mama, kabla hujajua hata kulia. Na aliyekupa alikuwa anakupenda, na hakujua. Mimi kazi yangu ni kukamata watu. Hapa hakuna wa kukamata."

Mama Pascaline alinyoosha mkono akamshika Léoncie kiganja, akakaa nacho mapajani kama mali yake. Esperance alikuwa amewasikiliza kutoka pale ukutani. Kwa mara ya kwanza aliongea bila ukali. Aliuliza, bila kuinua macho, "Na huyu wangu?"

Léoncie akamwambia daktari amesema nini: kwamba wapimwe wote wawili, kwamba inawezekana hana kitu, na kama anacho, mtoto anaweza kukingwa, mradi wasichelewe. Aliyarudia mara mbili, mpaka alipoona Esperance amekubali kwa kichwa.

Mama Pascaline ndiye aliyesimama kwanza. Alichukua kitenge, akamtoa Nella mikononi mwa shangazi yake, akamfunga mgongoni, akauliza gari iko wapi.

Mbele ya kituo cha Bwiza vijana walikuwepo, wamekaa juu ya pikipiki zao. Walipomwona mama wa marehemu anashuka, walisimama wote kwa heshima, wakidhani amekuja kudai haki. Gaël alitoka nje kwa wasiwasi. Léoncie alitaka kusema, lakini mama akamgusa mkono, akasogea mwenyewe mbele yao na mtoto mgongoni.

Aliwaambia kwamba chupa ni yake, na kwamba haikumuua mtu. Mwanawe alikuwa mgonjwa tangu zamani, na kaka yake vilevile, kabla ya yeyote pale kumjua Fabiola. Dokta ameona kwa macho. Sauti yake haikuwa kubwa, ikabidi wasogee ili wasikie.

"Mutu akiwa bado anatafuta wa kupiga," alimaliza, "anipige mi. Lakini mukamwana yangu mumuachilie, anyonyeshe."

Kisha kijana mmoja, aliyekuwa ameongoza wenzake siku ya kuvunja mgahawa, alivua kofia yake. Akaisukuma pikipiki bila kuiwasha mpaka mwisho wa barabara. Wengine wakamfuata, hawatazamani. Asubuhi moja wiki ileile wawili kati yao wangeonekana kwenye mgahawa wa Fabiola na nyundo na mbao, bila maelezo, lakini jioni ile waliondoka tu.

Gaël alifungua kasho kwa mkono wake mwenyewe. Fabiola alitoka akipepesa macho. Alipomwona mama mkwe wake alishika fremu ya mlango, na kabla hajasema neno Nella alikuwa amesikia harufu ya mama yake na kuanza kulia upya, kilio cha aina nyingine. Pascaline akafungua kitenge, akampa mtoto. Alianza kuomba msamaha, akashindwa. Fabiola akamwambia wakae kwanza.

Kulikuwa na benchi la mbao ukumbini. Wanawake wawili walikaa, na mtoto akanyonya kwa pupa, akakohoa, akanyonya tena. Mkono wa Mama Pascaline ulikuwa mgongoni mwa mkamwana wake. Askari wa zamu aligeuka akatazama ukutani. Léoncie alibaki mlangoni na miguu yenye tope, hajui apitie wapi.

Esperance alikuwa amekuja nao. Alikuwa nje, ngazi ya mwisho, mikono yote miwili imeshika tumbo lake, hathubutu kuingia. Fabiola alimwona. Alimtazama kwa muda, uso wake hauna ukali wala hauna tabasamu. Kisha akarudisha macho kwa mtoto, akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

Esperance akapanda ngazi, akakaa.